Niliwafundisha Wasiinue Vichwa

Alhamisi, jioni. Mvua ilianza saa nane, sasa imekatika na kuacha matope mekundu mpaka mlangoni mwa ofisi. Nyinyi wawili watatu mnaopita kwenye blogu hii mkikuta herufi zimekaa vibaya, mnisamehe. Naandika kwa simu, nimekaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu, na leo kiti hiki sikitaki kabisa.

Hakuna aliyekufa. Hilo naliandika kwanza, ili hata mimi nikilisoma kesho niliamini.

Kwa mgeni asiyenijua: mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi moja huku Tarime, jirani na mgodi. Jina la shule sitalitaja, kazi bado naihitaji. Kwetu ni Kenyamonta, Serengeti, ambako asubuhi unaamshwa na kengele za ng'ombe. Huku unaamshwa na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Yanaanza alfajiri na hayana Jumapili. Nilipohamishiwa huku, mume wangu, ambaye amebaki Nkende, kule mjini, na duka lake, aliniambia, "Unakwenda kwenye dhahabu, mama, usitusahau." Dhahabu yenyewe nimeiona mara moja tu tangu nifike, kwenye kiganja cha mzazi mmoja, kidogo kama punje ya mtama. Aliifumba haraka nilipoinama kuitazama.

Niliikuta shule ikiwa hai asubuhi na imekufa mchana. Watoto walikuwa wanakuja, wanasoma vipindi vya mwanzo, wanakunywa uji, halafu wanayeyuka. Wote tunajua wanakokwenda. Mchana malori ya mgodi hupanda kumwaga kifusi, yale mawe wasiyoyataka, na kifusi kikimwagwa watu wanagombania mawe yenye dalili ya dhahabu, wakubwa kwa wadogo, askari wakiwafukuza. Mtoto akibahatika jiwe moja zuri, nyumbani wanakunywa chai yenye sukari wiki nzima. Aliyekuwa mwalimu mkuu kabla yangu alikuwa anawasubiri getini na fimbo. Sasa mpe mtoto mwenye njaa achague kati ya fimbo na mawe, atakwenda wapi? Na walimu nao wasinune nikisema ukweli. Mmoja alikuwa na hisa kwenye karasha, na baada ya uji ulikuwa unamwona mgongo tu.

Kwenye semina za walimu wakuu tuliambiwa kwamba shule ni mwalimu mkuu. Akiwahi, wanawahi. Akisoma, wanasoma. Tabia ya shule inatoka kwake kama maji yanavyotoka mlimani. Nililipokea neno lile kama mtu aliyeokoka.

Basi nikaanza. Sikuchapa mtu, sikuita kikao. Siku moja baada ya uji nilichukua benchi nikaliweka karibu na mlingoti wa bendera, nikafungua kitabu cha hadithi kutoka kwenye kasha tulilopewa msaada na ambalo lilikuwa limefungwa stoo kwa kuogopa vitabu vitachakaa. Nikasoma nusu saa, kimya. Kesho yake tena. Watoto walikuwa wananizunguka kwa mbali kama wanavyozunguka pikipiki iliyopinduka.

Msaidizi wangu ni Mwalimu Juma, mtu wa Mugumu, baba yake anauza vitambaa sokoni pale, na ulimi wake nadhani ulinolewa pamoja na mkasi wa vitambaa hivyo. Siku ya tatu au ya nne alinijia, sura nzito.

"Madam, huko kijijini wanasema umerogwa."

"Nani kaniroga?"

"Hilo bado wanajadiliana."

Halafu akakaa kwenye benchi, akatoa kitabu mfukoni. Nampenda Juma kwa sababu ya siku ile. Walimu wengine wakafuata, kwanza kwa aibu, mwishoni hata yule wa karasha. Watoto wakasogea. Ikawa desturi, baada ya uji, shule nzima, na mpishi akiwemo, nusu saa ya kusoma kimya. Na mtoto akishaketi na kitabu, malori yakapanda yeye akiwa katikati ya ukurasa, kengele ya kipindi cha mchana inamkuta yupo. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yangu yote.

Bhoke ndiye aliyenifanya niamini kwamba inawezekana. Yuko darasa la sita. Mama yake anaponda mawe kwa nyundo uani kwao, na Bhoke ndiye aliyekuwa anayaleta. Vidole vyake vina makovu ambayo mtoto wa umri ule hapaswi kuwa nayo. Alikuja wa mwisho kabisa, akachagua kitabu kimoja cha ndugu wawili wanaotafuta ng'ombe wao aliyepotea, na tangu hapo hajakibadilisha. Anasoma polepole, kidole kinafuata mstari, midomo inacheza. Wenzake wamemaliza vitabu vingapi sijui, yeye yuko na ng'ombe wake. Kila siku nikipita namuuliza, "Wamempata?" Naye anatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli kabisa, "Bado, madam." Kwenye kifusi hajaonekana tena. Mama yake alikuja kunilalamikia, nikamtuliza. Nilijiona shujaa.

Kulikuwa na tatizo moja tu, baruti.

Mgodi unapasua miamba mchana, na mara nyingi inaangukia kwenye nusu saa yetu. King'ora kinalia, unasubiri, halafu ardhi inakushtua chini ya makalio na vumbi linapanda. Watoto walikuwa wanaruka, wanapiga yowe, na wakishasimama hawakai tena, kwa sababu wanajua baada ya baruti yanafuata malori. Mlipuko mmoja, nusu saa yangu imekwisha. Nikasema hapana. Nikawafundisha. King'ora kikilia, tunasoma. Ardhi ikitikisika, tunasoma. Hakuna kuinua kichwa. "Baruti ni yao," niliwaambia, "kitabu ni chako." Mimi mwenyewe nilikaa mbele yao, moyo unadunda kama nimeiba, macho kwenye karatasi. Siku nyingine niliwajaribu kwa makusudi, namwambia Juma aangushe sufuria nyuma yao. Atakayegeuka tunamzomea kidogo, tunacheka, tunarudi kusoma.

Wakaweza. Jamani, wakaweza! Siku moja baruti ililia mpaka kengele ya shule ikajigonga yenyewe, nikatupa jicho kwa wizi, nikaona uwanja mzima wa watoto wameinama, hakuna hata mmoja aliyetikisika. Nililia siku ile. Mratibu elimu kata alikuja kuona kwa macho yake, akawaambia walimu wakuu wa shule nyingine waje kujifunza kwangu. Kichwa kilinivimba, niseme tu ukweli.

Halafu mvua zikaanza.

Madarasa hayatoshi, mchana wadogo wa zamu ya pili wanaingia, na wakubwa walikuwa wanasomea nje. Mvua ya kwanza tu, nusu ya darasa la sita wakarudi kwenye kifusi. Nikaitisha mkutano wa wazazi. Kwa kawaida wanakuja bibi wachache na mlevi mmoja. Siku ile walijaa. Wanaume ambao sijawahi kuwaona getini walisimama mpaka barabarani. Nikasema kwa ufupi, nataka chumba cha kusomea, nakitaka haraka kabla mvua haijachanganya, sihitaji jengo la kifahari, nipeni kuta na paa tu. Wakapiga makofi. Mzee Chacha, mwenyekiti wa kamati ya shule, akainuka na fimbo yake. "Mwalimu amesema. Mwenye masikio amesikia." Watu wakacheka wote, mimi pia nikacheka.

Nilicheka nini? Mungu wangu.

Msaragambo kama ule, kijiji kizima kikijitolea kazi, sijauona maishani. Akina mama na ndoo za maji kichwani, wanaimba. Mama Bhoke, yule yule aliyenilalamikia, alileta mchanga asubuhi na jioni. Niliitwa Tarime mjini kwenye kikao, kurudi nakuta kuta zimefika madirishani. "Mnajenga kama mnafukuzwa!" nikawaambia, wakacheka tena. Mabati yalikuja na matundu ya misumari ya zamani. Mlango ulikuja na namba kubwa nyeupe ya rangi juu yake.

Maana ya namba ile niliijua.

Hapa inabidi nieleze, kwa wasio wa huku. Fununu zikisikika kwamba mgodi utaongeza eneo, watu wanainua nyumba harakaharaka na kupanda miti imebanana kama nywele, ili wathamini wakija wahesabu, mwenye nyumba alipwe fidia. Nyumba ambayo hakuna atakayelala ndani yake. Tunaiita tegesha. Wathamini wakiihesabu wanaiandika namba. Hata mtoto mdogo hapa anakutofautishia nyumba ya kulala na nyumba ya tegesha akiwa mgongoni kwa mama yake. Na mimi, mwenye cheti na stashahada, nilisukuma mlango wenye namba, nikaingia, nikanusa plasta mbichi, nikasema Bwana asifiwe.

Sikuuliza. Nilikuwa nimeona wazazi wangu wamebeba matofali kwa ajili ya watoto wao kusoma, na sikutaka mtu aniharibie.

Wiki iliyopita wathamini walikuja kweli. Walipita na vigingi vyao, wakavipigilia ng'ambo ya barabara, wakaondoka. Shule tumebaki nje ya mpaka. Tangu siku ile hakuna mzazi aliyegusa kile chumba. Ukuta mmoja ndani haukupigwa plasta, ndoo zikachukuliwa, Mzee Chacha akapotea. Nilidhani wamekwenda kupanda mahindi.

Sasa leo.

Wingu lilikuwa zito, na jana usiku ilinyesha, kwa hiyo baada ya uji darasa la tano, la sita na la saba wote waliingia chumbani. Nilikaa mbele kama kawaida. Bhoke alikuwa nyuma, karibu na ule ukuta usio na plasta, anaupenda kwa sababu dirisha liko juu yake. King'ora kikalia. Ukurasa ukageuzwa mahali fulani. Baruti ikapigwa.

Kwanza nilisikia mlio mdogo, kama mtu anachana kitambaa. Ufa ulishuka kutoka pembe ya dirisha mpaka chini, ukuta ukatoa tumbo, halafu pande lake kubwa likaenda nje lote kwa pamoja. Lilikwenda nje. Lingeweza kuja ndani. Mwanga ukaingia, vumbi likaingia, madongo yakamwagikia walio nyuma.

Na watoto wameinama.

Sijui nitaiandikaje hii. Ukuta haupo, naona nyasi na barabara mahali ulipokuwa ukuta, na watoto wangu wote wako kwenye vitabu. Bhoke dongo lilimkwaruza begani, jingine lilianguka katikati ya kitabu. Alilitoa kwa vidole viwili, akapuliza vumbi, akarudisha kidole kwenye mstari wake. Hakuinua kichwa. Nilimfundisha vizuri.

Nikapiga kelele, "Tokeni! Tokeni nje!" Wakainua vichwa wakanitazama mimi, si ukuta. Wengine walitabasamu. Walidhani ni jaribio, kama sufuria la Juma! Mtoto wa darasa la tano mbele yangu akainama tena, ili asizomewe. Ilinibidi nipige yowe kwa lugha ya nyumbani, kama napigia nyumba inayoungua, ndipo wakaamini. Walitoka. Niliwahesabu uwanjani, nikarudia, nikarudia tena, mpaka Juma akanishika mkono.

Walipokuwa salama nilirudi na mwavuli wangu nikauchoma ukuta uliobaki. Uliingia. Kati ya tofali na tofali ni tope tupu, saruji ni ile plasta ya nje tu, ya kuonekana. Nikachungulia chini. Msingi hakuna. Matofali yamelazwa juu ya nyasi, na nyasi zenyewe bado zipo, zimegeuka njano.

Mzee Chacha alikuja anakimbia, fimbo ameisahau. Mjukuu wake yuko darasa la tano. Alipomwona mzima alimkamata sikio badala ya mkono, akabaki amelishika tu. Nilikuwa na hasira ya kuua mtu, na bado mdomo wangu ukatoa, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu."

"Mzee, msingi wa chumba hiki uko wapi?"

Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalize utani.

"Mwalimu, nyumba ya tegesha nani anaiwekea msingi?"

Akaendelea, taratibu, kama ananifariji mimi. Kwamba wao walijua ninajua. Si nilisema haraka? Si nilisema kuta na paa tu? Mkutano mzima ulinielewa, watu walirudi nyumbani wanasema huyu mama wa Kenyamonta ametuzidi akili. Shule vyumba vyake vikihesabiwa vingi, mgodi ukituhamisha ungejenga shule mpya yenye vyumba vingi, ya matofali ya kweli. "Tulifanya kwa ajili ya watoto, mwalimu. Hakuna aliyekuwa anakula hapo."

Na ninamwamini. Hilo ndilo linalonimaliza. Angekuwa mwizi ningejua pa kuanzia.

"Lakini mliona watoto wanaingia humo kila siku."

"Tuliona."

"Mkanyamaza?"

Aliachia sikio la mjukuu. "Tulidhani umewaweka ili kionekane kinatumika. Wathamini wakipita wakute watoto wamekaa na vitabu, wametulia vile. Tulisema, huyu mwalimu kweli fundi."

Walidhani nusu saa yangu nayo ni tegesha.

Nimekaa na hilo tangu saa nane. Watu hawa waliwatazama watoto wao wenyewe wakisoma, siku baada ya siku, wakaona maonyesho. Na siwezi hata kuwalaumu, kwa sababu kila kitu wanachokiona huku kimesimamishwa ili mtu fulani apite akihesabu, kisha kiachwe. Wangejuaje kwamba kimoja kilikuwa kweli? Semina inasema tabia ya shule inatoka kwa mwalimu mkuu kama maji ya mlimani. Sawa. Ila mlima wenyewe huku unapasuliwa kila mchana.

Nilimpigia mratibu, yule aliyenisifu. Akasema funga chumba, subiri maelekezo. Nimefunga. Juma alileta kufuli bila kusema chochote, na Juma akikosa la kusema ujue mambo yameharibika. Tumefunga mlango wenye namba, na pembeni yake kuna shimo ambalo ng'ombe anapita. Kazi ya kufuli sijui ni nini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeiandika ubaoni methali hiyo mara ngapi? Ufa niliuona siku mlango ule ulipoletwa. Ukuta sasa nitaujenga kwa kitu gani, na nani atabeba tofali tena, wakati kila mtu ananisubiri nimkonyeze? Nikiitisha mkutano kesho nikasema nataka chumba, watauliza kama kuna wathamini wanakuja.

Kabla ya kuwaruhusu watoto niliwapanga mstarini, manyunyu yameanza. Nikawaambia kuanzia kesho king'ora kikilia, kila mtu, popote alipo, anafunga kitabu na kukimbilia mlingotini. Hakuna kusoma. Hakuna kuinama. Nilisema kwa sauti ya mwalimu mkuu, ile yenye chuma. Watoto walinitazama wamechanganyikiwa. Hawa ndio niliowazomea kwa kugeuza shingo.

Bhoke akanyoosha mkono, ule wa bega zima.

"Madam, hata kama ng'ombe bado hawajampata?"

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanasubiri jibu, wote, kana kwamba kila mmoja ana ng'ombe wake.

"Hata kama," nikasema.

Wenzake walipotawanyika alikuja mlangoni kwangu kurudisha kitabu. Vitabu havitoki shuleni, ndiyo sheria, na sheria niliiweka mimi, kwa sababu kikitoka kinafungiwa maandazi. Nikamwambia kaa nacho, ukasome nyumbani mpaka wampate. Alinitazama kuona kama hili nalo ni jaribio. Kisha akakiingiza ndani ya sweta, akapiga goti kidogo kama wanavyofundishwa mabinti wa huku, akaenda.

Nilisimama dirishani. Pale chini njia inagawanyika. Ya kushoto inakwenda kwao. Ya kulia inapanda kwenye kifusi.

Alisimama pale njia panda kidogo, mkono juu ya tumbo, kitabu kisilowe. Malori yalikuwa yanapanda. Akashika ya kulia.

Mdomo ulifunguka nimwite, nikaufunga. Kuna wakati nilikuwa na kitu cha kumwitia. Nilikuwa na benchi, na nusu saa, na mahali pakavu pa kukaa. Leo ningemwita aje wapi? Huenda anapita tu kumfuata mama yake. Huenda atajikinga mvua chini ya jiwe amalizie ukurasa. Najidanganya, najua, ila niacheni.

Juma amechungulia sasa hivi, ameuliza kama nimekula. Nimesema ndiyo. Makarasha yanaendelea huko bondeni, na harufu ya tope la ule ukuta inaingia mpaka humu.

Kesho mchana king'ora kitalia, na nitasimama mbele ya watoto niliowafundisha kutulia, niwafundishe kukimbia. Watajifunza haraka. Ni watoto wepesi sana hawa. Ila nikishawafundisha kukimbia, nani atawaambia warudi?